Chumvi iliyoyeyuka na mzigo wa taka za nyuklia

MOJA kati ya maswali magumu yanayoyakabili mataifa yanayozalisha umeme kwa nguvu za nyuklia ni mabaki ya fueli yahifadhiwe wapi, na kwa muda gani. Mabaki hayo huendelea kutoa miali hatari kwa maelfu ya miaka, muda unaozidi umri wa serikali yoyote.

Takriban asilimia 95 ya mabaki ni uraniamu. Kinachosumbua zaidi ni sehemu ndogo: plutoniamu, ambayo ni kama asilimia moja, pamoja na elementi nyingine nzito kama vile amerisiamu. Plutoniamu-239 huchukua miaka 24,000 hivi ndipo nusu yake itoweke. Kinyume chake, sesiamu-137 na strontiamu-90, zinazotokana na kupasuka kwa atomu, hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 30 hivi.

Hapo ndipo wanasayansi wanapoona manufaa ya kinu cha chumvi iliyoyeyuka. Katika vinu vya kawaida, fueli hufungwa ndani ya mirija ya metali, na hulazimika kuondolewa baada ya miaka michache kabla elementi nzito hazijateketea. Katika kinu cha chumvi, fueli huyeyushwa ndani ya chumvi yenyewe na kuzunguka nayo. Plutoniamu na amerisiamu zaweza kuongezwa humo na kuachwa zikigongwa na nyutroni hadi zipasuke, huku zikitoa joto la kuzalishia umeme.

Wazo hili si geni. Mnamo Juni 1965, maabara ya Oak Ridge, jimbo la Tennessee nchini Marekani, iliwasha kinu cha majaribio cha aina hiyo. Kilifanya kazi hadi Desemba 1969, chumvi ikifikia nyuzijoto 650 hivi. Hakikujengwa kuteketeza taka, bali kilithibitisha kwamba fueli ya majimaji yaweza kudhibitiwa. Baadaye, watafiti wa Urusi walibuni kinu kiitwacho MOSART, ambacho lengo lake hasa ni kuteketeza elementi nzito.

Hata hivyo, teknolojia hii haimalizi taka zote. Teknetiamu-99 na iodini-129, ambazo pia hutokana na kupasuka kwa atomu, hudumu muda mrefu mno. Isitoshe, chumvi yenye joto kali hula metali, na plutoniamu inayotenganishwa na mabaki lazima ilindwe isije ikaundiwa silaha.

Oak Ridge penyewe pana funzo. Kinu kilipozimwa, chumvi yake iliachwa ndani ya matangi. Mwaka 1994 iligunduliwa kwamba gesi yenye uraniamu ilikuwa imepenya hadi kwenye mabomba, na kazi ya kuiondoa ikachukua miaka mingi.

Kwa hivyo, vinu hivi vikifaulu, vitapunguza kiasi cha taka zinazohitaji kulindwa kwa maelfu ya miaka. Haja ya kuchimba hifadhi salama ardhini itabaki palepale.