Namna mvumo wa kaseti ulivyopunguzwa

Mwaka 1963 kampuni ya Philips ya Uholanzi ilionyesha kaseti ya kwanza mjini Berlin. Mkuu wa mafundi walioitengeneza alikuwa Bwana Lou Ottens. Kaseti iliingia mfukoni, lakini udogo ule ulikuwa na bei yake. Utepe wake haukufika upana wa milimita 4, tena ulikwenda polepole, chini ya santimeta 5 kwa sekunde. Basi mvumo wa "sss" ulisikika daima, ukafunika nyimbo za taratibu.

Je, mvumo ukiisha kuchanganyika na wimbo, nani atautenga? Bwana Ray Dolby, Mwamerika aliyeanzisha kampuni yake London mwaka 1965, aliona afadhali dawa itangulie ugonjwa. Katika njia yake ya Dolby B, iliyotoka mwaka 1968, mashini inaponasa huzikuza kwanza sauti nyembamba zilizo hafifu. Inapochezwa kaseti, huzipunguza kwa kipimo kilekile. Wimbo hurudi kama ulivyokuwa. Mvumo, ulioingia katikati, hushuka.

Lakini sharti moja lipo: mashini ya kunasa na ya kusikiliza zifuate kipimo kimoja. Zisipopatana, wimbo wenyewe huharibika.