Moto na Pumzi Zake Mbili: Tarehe ya Mvukuto, Kutoka Matanuri ya Buha Hadi Injini ya Turbo

Moto haushibi kuni peke yake. Hudai na hewa pia, na aghalabu riziki hii ya pili ndiyo inayoupungukia kwanza. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa sanaa mbili ambazo kwa mtazamo wa haraka hazina udugu hata kidogo: sanaa ya kutoa chuma katika mawe, iliyofanywa zamani katika vilima vya Buha na nchi zinazoizunguka, na sanaa ya siku zetu ya kuiongezea nguvu motokaa ya mbio kwa kuifunga turbo na, baada ya turbo, kuipa mlango wa pili wa kuvutia hewa. Nia ya makala haya ni kuzisimulia sanaa hizo kwa mfuatano, bila kudai kwamba ya kwanza ni mzazi wa ya pili, kwa kuwa dai hilo halina shahidi; walakini mafundi wa zama mbili, wasiojuana kwa lugha wala kwa nchi, walikabiliwa na suala moja, na majawabu yao yanastahili kuwekwa pamoja mbele ya msomaji.

Heru Juu, jirani ya mji wa Kasulu, ilikuwa makao ya enzi ya Heru, mojawapo ya tawala za Waha, wenyeji wa Buha, kama Muhambwe ilivyokuwa kwa upande wa Kibondo. Mtawala aliitwa mwami, na katika miaka ya mwisho ya ukoloni cheo hicho kilishikwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, hata ulipofika mwaka 1963 mamlaka ya machifu wa Tanganyika yakaondolewa kwa sheria. Ni nchi ya miinuko yenye majani, mabonde yenye vijito, na ardhi nyekundu ambayo wekundu wake wenyewe ni chuma kilichoshika kutu. Na wenyeji wake ni wakulima ambao maisha yao yalilitegemea jembe, maana katika nchi nyingi za magharibi ya bara jembe lilikuwa zana shambani, fedha sokoni na sehemu ya mahari nyumbani. Palipo na haja kubwa ya chuma namna hiyo hapana budi pawe na wahunzi. Na uhunzi wa upande huo si wa jana, kwa kuwa mabaki ya matanuri yaliyochimbuliwa Buhaya, Rwanda na Burundi yanaonyesha kwamba chuma kilikuwa kikitolewa huko zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Kazi yenyewe ilitaka vitu vitatu: mawe yenye chuma, makaa ya miti migumu, na pumzi. Mawe yalipangwa pamoja na makaa ndani ya tanuri la udongo, au ndani ya shimo lililokandikwa, kisha moto ukawashwa na kuvukutwa kwa saa nyingi bila kukoma. Makaa yakiungua katika nafasi finyu hutoa gesi inayoyanyang'anya mawe oksijeni iliyoshikamana na chuma; lakini unyang'anyi huo haukamiliki, wala taka za mawe hazilainiki zikachuruzika kando, mpaka joto likaribie digrii 1,200 za Selsiasi. Chuma chenyewe hakiyeyuki mpaka kifike digrii 1,538, wala fundi hakukusudia kukifikisha huko: alichokitafuta ni bonge zito lenye vinyweleo, alilolitoa likiwa jekundu na kulifua mpaka yale yaitwayo mavi ya chuma yakatoka yote. Kuni zilizowashwa wazi hazifiki daraja hiyo ya joto kamwe, hata zirundikwe kiasi gani. Kinachozifikisha ni hewa inayoletwa kwa nguvu.

Chombo cha kuileta hewa hiyo, katika eneo lote la Maziwa Makuu, kilichongwa katika gogo moja, kikawa na vyungu viwili vya mti vilivyokaa ubavu kwa ubavu, kila kimoja kimefunikwa ngozi laini ya mbuzi au majani ya mgomba yaliyolegezwa, na katikati ya kila kifuniko pamefungwa ufito. Mvukutaji alikaa nyuma ya gogo na kushika fito mbili, mmoja kwa kila mkono, akipandisha huu wakati anashusha ule. Hewa ikapita katika mirija miwili kuelekea kwenye kewa, yaani bomba la udongo lililoingia ndani ya moto. Mirija hiyo haikukazwa katika kewa, bali iliachiwa upenyo kidogo. Na upenyo huo, ambao mgeni angeudhania kuwa uzembe wa mchongaji, ulikuwa sehemu ya ustadi wake, kwa sababu mvukuto wa namna hiyo hauna vali, na pasipo upenyo ngozi inapopanda ingevuta miale na majivu ya tanuri badala ya hewa safi ya nje.

Sababu ya vyungu kuwa viwili inastahili kuzingatiwa. Chungu kimoja kinapotoa pumzi moto hupanda, kinapovuta pumzi moto hushuka, na tanuri linalopanda na kushuka halitoi chuma ila hula makaa bure. Vyungu viwili vinavyopokezana huondoa kituo kile cha katikati, hata pumzi mbili fupi zikawa upepo mmoja mrefu. Faida yake, kwa hiyo, haikuwa wingi wa hewa tu; ilikuwa hasa kudumu kwa hewa katika kipimo kimoja, na hilo ndilo lililomfanya mvukutaji mwenye mkono usioyumba kuwa mtu wa thamani kuliko mwenye misuli mikubwa.

Si kila nchi iliyojibu suala hilo kwa mvukuto. Wafipa, walio kusini ya Buha, walijenga matanuri marefu kupita kimo cha mtu, wakayatoboa matundu mengi chini, na kuuachia moto wenyewe ujivutie hewa kwa kupanda kwake, pasipo mtu kuvukuta. Kazi ikachukua siku kadhaa na makaa mengi, na chuma kilichopatikana kikapelekwa katika tanuri dogo la pili, ambalo sasa lilivukutwa, ili kisafishwe. Wahaya, walio kaskazini, walivukuta kwa mivukuto mingi iliyolizunguka tanuri, na makewa yao yaliingia ndani sana ya moto. Mwaka 1976 wazee wa Buhaya waliokuwa wakiikumbuka kazi hiyo walijenga tanuri upya mbele ya Peter Schmidt, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani. Na mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery wakaandika katika jarida la Science kwamba kewa lililozama motoni huipasha hewa joto kabla haijayafikia makaa, na kwa hiyo huongeza ukali wa tanuri. Wataalamu wengine wamelipinga neno hilo kwa hoja, na ubishi wao haujapoa. Lakini hakuna aliyebisha kwamba mafundi wale waliijua hewa kuwa kitu cha kupimwa, kuelekezwa na kutengenezwa.

Sanaa hii haikufa kwa upungufu wa maarifa. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na majembe ya kiwandani kutoka Ulaya, yaliyouzwa kwa bei ambayo mhunzi mwenye kukata miti, kuchoma makaa na kuvukuta kutwa hawezi kuishindania, yakaenea bara. Vijana ambao mikono yao ingalishika fito za mvukuto wakawa manamba. Kasulu na Kibondo zikajulikana katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro kwa wingi wa watu waliotoka huko. Wahunzi wakabaki kufua vyuma chakavu, na kutoa chuma katika mawe kukawa habari ya wazee.

Wakati kazi hiyo ingali hai Afrika, suala lile lile lilikuwa limezuka upya Ulaya katika sura ya injini. Kila kilo moja ya petroli, ili iungue barabara, huhitaji kilo 14.7 za hewa, nazo kwa usawa wa bahari hujaza mita 12 za ujazo hivi. Kutia mafuta zaidi ni jambo jepesi. Kuitia hewa ya kuyaunguza ndiyo kazi, kwa kuwa injini ya kawaida, kama tanuri la Wafipa, hujivutia yenyewe kile inachoweza. Tena hewa ya milimani ni nyepesi: katika kimo cha mita 1,500, kisicho kigeni kwa vilima vya Buha, hupungua uzito kwa takriban sehemu moja ya saba, na injini isiyo na msaada hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo. Mwaka 1905 Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya jawabu lake: gurudumu la mapanga lizungushwe na moshi unaotoka, nalo lizungushe jingine lililo juu ya mhimili ule ule, la kushindilia hewa ndani ya silinda. Mwaka 1918 Sanford Moss, mhandisi wa kampuni ya General Electric, aliipandisha injini ya ndege yenye turbo hadi kilele cha Pikes Peak huko Marekani, kilicho juu ya mita 4,300, akathibitisha kwamba wepesi wa hewa ya juu waweza kufidiwa. Turbo ilianzia katika injini kubwa na ndege, ikaingia katika motokaa za watu mwaka 1962 kwa Oldsmobile na Chevrolet, na katika miaka ya 1970 BMW, Porsche na Saab wakaifanya kuwa alama ya gari la kasi.

Hapa pana tofauti isiyofaa kufichwa. Tanuri hufurahia hewa ya moto, injini huichukia: hewa iliyoshindiliwa hupata joto, na hewa yenye joto hutanuka, ikachukua nafasi kubwa kwa uzito mdogo na kuhatarisha pistoni. Ndiyo maana baina ya turbo na silinda huwekwa kipozahewa, ambacho gereji hukiita intakula. Na ndiyo maana kila rekebisho la njia ya hewa hupimwa kwa maswali mawili, hewa ni kiasi gani, na ni ya baridi kiasi gani.

Mlango wa pili wa hewa umetokana na maswali hayo. Katika magari mengi yenye turbo mbili kiwanda huzipa zote chujio moja na bomba moja linalogawanyika mbele ya safari, na kwa nguvu za kiwandani bomba hilo latosha. Mwenye gari anapoagiza shinikizo zaidi, lile lililotosha huwa koo jembamba: turbo huvuta kwa shida, hulazimika kuzunguka kasi zaidi kwa kazi ile ile, nayo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na hewa hutoka ikiwa na joto zaidi. Kuipa kila turbo chujio lake na bomba lake fupi na pana huondoa kizuizi hicho. Lakini machujio mapya yakiwekwa wazi karibu na injini huvuta hewa iliyokwisha pashwa. Na kompyuta ya gari, isiporekebishwa ijue kipimo kipya, hutia mafuta kwa hesabu ya zamani.

Na mahali pa mlango hushinda wingi wa milango. Mwaka 1952 gari la dizeli la Cummins lenye turbo lilianza la kwanza katika mashindano ya Indianapolis, likatolewa baada ya mizunguko 71 kwa sababu mdomo wa turbo, uliokuwa chini, uliziba kwa uchafu wa barabara. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalitoa funzo hilo hilo kwa vumbi na mito: Mswidi Björn Waldegård alishinda mwaka 1984 kwa Toyota Celica yenye turbo, na magari ya miaka iliyofuata yalipandisha mirija ya hewa mpaka kwenye paa. Nao wasimamizi wa mbio za rali za dunia, walipotaka kupunguza nguvu, waliagiza mwaka 1995 kwamba hewa yote ya turbo ipite katika tundu moja la milimita 34. Hawakugusa mafuta wala ukubwa wa injini, kwa kuwa walijua nguvu hutokea wapi.

Mtu wa Heru mwenye gari la turbo, anayeshawishika kulipa gharama ya mlango wa pili, na aangalie kwanza kama injini yake ina turbo mbili na shinikizo lililozidi la kiwandani. Kama sivyo, atanunua sauti na vumbi. Na mwalimu wa fizikia wa Kasulu anayetaka kuwafundisha vijana kuungua kwa vitu ana somo karibu kuliko Winterthur alikofanya kazi Büchi: aanze na gogo lenye vyungu viwili, aeleze upenyo wa kewa na mikono inayopokezana, ndipo aifungue turbo mezani. Uhunzi wa Buha umekaa mno katika sura za mila na desturi. Mahali pake pa haki ni katika somo la uhandisi, na katika mtihani wake.