Kutu kwenye fremu ya pikapu: Namna ya kuitambua, kuitibu na kuizuia

WANUNUZI wengi wa pikapu kuukuu mjini Meru na Embu hukagua injini, magurudumu na rangi ya bodi, kisha huinama mara moja na kuridhika wakiona chini ya gari kumepakwa rangi nyeusi inayong'aa.

Rangi hiyo ndiyo inayopaswa kuwatia shaka. Fremu, ambayo mafundi huiita pia chasisi, ni uti wa mgongo wa pikapu. Injini, springi, usukani na sanduku la mizigo vyote vimefungwa juu yake. Gari la abiria lenye bodi iliyoungana likipata kutu mlangoni, mwenyewe hupata aibu tu. Pikapu ikipata kutu kwenye fremu, kinachohatarishwa ni mzigo, dereva na yeyote anayekutana naye barabarani.

Tatizo si la magari ya bei nafuu pekee. Nchini Marekani, kampuni ya Toyota ilikubali mwaka wa 2016 kumaliza kesi ya wenye pikapu za Tacoma na Tundra pamoja na gari aina ya Sequoia, waliodai kwamba fremu zao hazikukingwa vya kutosha na zilikuwa zikitoboka. Makubaliano hayo, ambayo kampuni iliyatia saini bila kukiri kosa, yalihusu magari yapatayo milioni 1.5 na thamani yake ilikadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Fremu nyingi zilizotoboka zilibadilishwa nzima. Mkulima wa Runyenjes au mfanyabiashara wa Maua hana wa kumbadilishia fremu bila malipo, hivyo ni heri aifahamu kutu mapema.

Chanzo chake

Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji pamoja na hewa ya oksijeni. Kimoja kikikosekana, kutu haipo. Chumvi haisababishi kutu peke yake, lakini huharakisha kazi hiyo mno kwa kuwa maji yenye chumvi hupitisha umeme mdogo unaokula chuma. Isitoshe, chumvi hunyonya unyevu kutoka hewani, hivyo chuma chenye chumvi huendelea kuliwa hata pale mwenye gari anapodhani kuwa kimekauka.

Hapo ndipo ilipo siri ya magari mengi yanayoletwa kutoka ng'ambo. Kenya huruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi umri wa miaka 8, kwa mujibu wa kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Miaka hiyo inatosha kabisa kuiharibu fremu ikiwa gari lilitumika Uingereza au kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi ili kuyeyusha theluji. Chumvi hiyo hujificha katikati ya mabamba yaliyounganishwa na ndani ya fremu iliyo na uwazi. Gari likishafika Meru, kila mvua huiamsha upya.

Mazingira yenyewe nayo yana mchango wake. Miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya hupata mvua katika misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na katikati yake huja baridi na manyunyu ya Julai na Agosti. Kwenye ukanda wa majani chai, ukungu wa asubuhi huilowesha fremu hata siku isiyo na mvua. Gari linalolala Siakago au Kiritiri, kwenye ukame wa Mbeere, huwa na nafuu kubwa.

Barabara kuu ya kutoka Embu kupitia Chuka na Nkubu hadi Meru ni ya lami, lakini pikapu hutafuta mzigo wake nje ya lami. Udongo mwekundu wa njia za mashambani hunata juu ya fremu, huziba matundu ya kutolea maji na kushika unyevu kama sifongo. Tope hilo likikauka kwa nje, kwa ndani bado ni bichi.

Kisha kuna mzigo wenyewe. Miraa husafirishwa ikiwa imefungwa kwa majani ya mgomba ili isinyauke, na unyevu wake huchuruzika hadi chini. Mbaya zaidi ni mbolea. DAP na CAN ni chumvi za amonia, na gunia moja likipasuka, punje zinazopenya kwenye nyufa za sanduku huifanyia fremu yale yale yanayofanywa na chumvi ya theluji. Samadi na chumvi ya ng'ombe zimo katika kundi hilo hilo.

Jinsi ya kukagua

Ukaguzi hauhitaji mashine ghali. Nyundo ndogo, bisibisi ya zamani na tochi zinatosha. Gari liinuliwe na kuwekwa juu ya stendi imara. Asilale mtu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee, jambo ambalo kwa bahati mbaya bado huonekana katika gereji nyingi.

Anza nyuma, kwa kuwa huko ndiko fremu nyingi huanzia kuoza. Tazama sehemu inayopinda juu ya ekseli ya nyuma, viungo vinavyoshikilia springi, vipande vya kukingama vinavyounganisha mbao mbili za fremu, na kila mahali ambapo bamba limewekwa juu ya bamba. Gonga polepole ukisikiliza. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilicholiwa hutoa sauti iliyofifia, na mara nyingi magamba huanguka.

Kisha sukuma bisibisi kwa nguvu. Ikizama au ikitoboa, hiyo si kutu ya juujuu. Chungulia pia ndani ya matundu ya fremu kwa tochi, maana fremu yenye uwazi huoza kutoka ndani kwenda nje. Ule uvimbe unaoonekana chini ya rangi hutokana na kutu kuchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kutu hiyo ina nguvu ya kutenganisha mabamba yaliyofungwa kwa ribiti.

Muuzaji akikataa fremu isigongwe kwa madai kwamba rangi itachubuka, mnunuzi amekwisha kupata jibu lake.

Mabomba ya breki yanastahili dakika kadhaa za peke yake. Ni membamba, yamefungwa kando ya fremu, na huoza hasa chini ya vibanio vinavyoyashikilia, mahali jicho lisipofika. Dereva anayeshuka kwenye mabonde ya Thuci au Nithi akiwa na mzigo hana nafasi ya kugundua bomba lililopasuka. Mnamo Julai 24, 2022, basi lilianguka kutoka daraja la Nithi na zaidi ya watu 30 wakafariki. Hatusemi kuwa kutu ilihusika katika mkasa huo. Tunachosema ni kwamba barabara hiyo haimpi nafasi ya pili mtu asiye na breki. Bomba lenye kutu halitibiwi. Hubadilishwa.

Matibabu

Kosa kubwa ni kupaka kitu juu ya kutu. Iwe rangi, lami au oili, kinachopakwa juu ya magamba hufungia ndani unyevu na chumvi, na chuma huendelea kuliwa gizani. Kazi ya kweli ni kusafisha, na ndiyo inayochosha. Fundi anayeahidi kumaliza fremu nzima alasiri moja anauza rangi nyeusi.

Kwanza osha sehemu yote ya chini kwa maji mengi safi na sabuni, pamoja na kupitisha maji ndani ya fremu hadi yatoke bila tope. Chumvi haiondoki kwa msasa. Huondoka kwa maji. Acha gari likauke kabisa, hata kama ni siku mbili au tatu. Hewa ya kompresa ya wale wanaoziba pancha husaidia sana kukausha pembe zilizofichika.

Hatua inayofuata ni kubandua magamba kwa patasi na nyundo, kisha brashi ya waya, na mwisho grainda yenye brashi ya waya hadi chuma kionekane. Vaa miwani ya kujikinga, glovu na barakoa, kwani nyuzi za brashi hiyo huchomoka na kuruka kama mishale. Sehemu moja isiguswe kwa grainda: mahali palipochongwa nambari ya chasisi. Nambari hiyo ndiyo iliyo katika kitabu cha usajili, na ikifutika, mwenye gari atakuwa na maelezo marefu ya kutoa kwa polisi na kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani (NTSA). Hapo tumia brashi ya mkono na rangi nyepesi.

Kutu nyembamba inayobaki kwenye vishimo inaweza kutibiwa kwa dawa za kugeuza kutu. Nyingi zina asidi ya fosforiki au asidi ya taniki, ambazo huungana na kutu na kuifanya kitu kigumu, cheusi, kisichoendelea kula chuma. Wakazi wa ukanda wa chai wanaujua weusi huo: chai ikilala kwenye chombo cha chuma chenye kutu hugeuka kama wino, na hakika wino wa kale wa kuandikia ulitengenezwa kwa taniki na chuma. Hata hivyo, dawa hizi hazipenyi magamba manene. Anayezipaka bila kubandua kwanza anapoteza pesa.

Baada ya hapo hufuata praima. Praima ya epoksi hushika vyema na huzuia maji. Ile yenye zinki nyingi hufanya kazi kama zinki iliyo juu ya mabati ya nyumba: zinki huliwa kwanza na chuma husalimika. Lakini zinki inahitaji kugusa chuma kitupu, kwa hiyo haifai kupakwa juu ya dawa ya kugeuza kutu. Malizia kwa tabaka mbili za rangi ngumu ya chasisi. Kazi hii ifanywe jua likiwa limepanda, maana rangi inayopakwa juu ya umande wa asubuhi ya Nkubu au Manyatta itabanduka kabla ya mwaka kwisha. Januari na Februari ndiyo miezi mizuri zaidi.

Ndani ya fremu rangi haifiki. Huko hunyunyizwa nta ya magari au mafuta ya lanolini, yatokanayo na sufi ya kondoo, kwa kutumia mpira mrefu unaopitishwa kwenye matundu. Matundu yenyewe yasizibwe.

Chuma kikitoboka

Tundu halitibiwi kwa gundi wala kwa nyuzi za glasi, ingawa yote mawili hupatikana chini ya ile rangi nyeusi. Chuma kibovu hukatwa hadi kufikia chuma kizima, kisha bamba lenye unene ule ule huchomelewa. Fundi hodari hakati ncha za bamba wima. Huzikata mshazari ili mshono usipite moja kwa moja kuvuka fremu, kwani mshono wa namna hiyo huwa mahali pa kuvunjikia. Kabla ya kuchomelea, betri ifunguliwe, na tangi pamoja na mabomba ya mafuta yaondolewe karibu.

Ikiwa kutu imetoboa kwenye viungo vya springi pande zote mbili, au pale kifaa cha usukani kinapofungwa, busara ni kutafuta fremu nyingine au kuliuza gari kama vipuri. Anayebadilisha fremu aiarifu NTSA ili nambari zilingane na stakabadhi.

Kinga

Kinga ni rahisi na haina mbwembwe. Osha chini ya gari kila baada ya safari ya matope, na siku ile ile ukibeba mbolea au chumvi. Fungua matundu ya fremu kwa waya. Inua mkeka wa mpira ulio kwenye sanduku la mizigo mara kwa mara, kwa sababu maji hulala chini yake. Egesha juu ya zege au kokoto badala ya nyasi. Kagua kabla ya Machi na kabla ya Oktoba, na pale rangi ilipochubuliwa na mawe, paka upya ungali unaona chuma.

Swali lisilokosekana ni kuhusu oili chafu, ambayo gereji nyingi huinyunyiza chini ya gari ikiwa imechanganywa na dizeli. Ni kweli kwamba oili hufukuza maji kwa muda. Lakini oili iliyotumika ina mabaki ya asidi kutoka kwenye injini, hulainisha bushi za mpira, hukusanya vumbi na kuchuruzika hadi kwenye mito inayonywesha watu wa chini. Anayeishika kila siku kwa mikono mitupu hujiweka pia katika hatari ya saratani ya ngozi. Mafuta ya lanolini au nta hufanya kazi hiyo hiyo bila madhara hayo, na kwa kuwa hupakwa mara moja au mbili kwa mwaka, gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na siku moja tu ya pikapu kulala gereji msimu wa mavuno.