Ukifanyiwa uhalifu: Pa kwenda hapa Pwani, na karatasi usizopaswa kuzikosa

Watu wanaponisimamisha njiani kunieleza uhalifu waliotendewa, ni nadra kuniuliza sheria inasemaje. Swali lao huwa moja: "Sasa niende wapi?" Anayeuliza ni mama wa Kisauni ambaye mwanawe amekatwa panga akitoka kazini. Ni mzee wa Ganze aliyetishwa na wapwa zake kuwa hataiona mvua ijayo. Ni mke wa Likoni ambaye mumewe akikosa pesa hasira zote humwishia yeye.

Makala haya ni jibu langu. Mimi si wakili. Ni mkaazi mwenzenu ambaye kwa miaka kadhaa amesindikiza majirani hospitalini, vituoni na mahakamani, na ningependa kila nyumba iyajue mambo haya kabla siku mbaya haijafika.

La kwanza kulifahamu ni kwamba msaada upo. La pili ni kwamba msaada huo unategemea mambo mawili: saa na karatasi. Ukichelewa, ushahidi hupotea. Ukikosa karatasi, ukweli wako hubaki maneno matupu mbele ya hakimu. Ile methali ya haraka haraka haina baraka, hapa tuiweke kando.

Hospitali kwanza

Kama umeumizwa au umebakwa, anza na hospitali. Matibabu hayangoji ripoti ya polisi, na mhudumu wa afya hapaswi kukurudisha eti ukalete kwanza fomu ya P3.

Kwa aliyebakwa au mtoto aliyenajisiwa, saa ni hizi: dawa za PEP za kuzuia virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri zaidi. Humezwa kwa siku 28 bila kukatiza. Dawa za kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120, nazo pia ni bora ziwahiwe. Haya yanawahusu wanaume na wavulana vilevile, isipokuwa hilo la mimba. Wavulana wengi hapa kwetu hunyamaza kwa haya hadi saa zikapita.

Usioge, usifue, wala usitupe nguo ulizokuwa umevaa. Ndiyo, najua jambo la kwanza mtu anatamani ni maji. Vumilia hadi daktari akuone. Nguo zitie kwenye mfuko wa karatasi, au zifunge kwa gazeti. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu, na unyevu huharibu ushahidi.

Hospitalini utajaziwa fomu ya PRC, ambayo ni ya waathiriwa wa dhuluma za kingono. Fomu hiyo huwa na nakala tatu: moja ya polisi, moja yako, na moja hubaki hospitalini. Usiondoke bila yako. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inampa mwathiriwa haki ya kutibiwa bure katika hospitali ya umma, kwa hivyo ukidaiwa pesa, omba kuonana na msimamizi. Mjini Mombasa, Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo maalum cha waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, ambapo matibabu, ushauri nasaha na ushahidi hushughulikiwa pamoja.

Kwa aliyepigwa au kukatwa, hifadhi kila karatasi ya matibabu, hata risiti ya dawa za maumivu. Piga picha majeraha siku hiyo hiyo, kisha tena baada ya siku mbili tatu, maana mavilio ya damu huonekana zaidi baadaye.

Kituo cha polisi: usitoke bila nambari

Ripoti yako huandikwa katika kitabu cha matukio, ambacho sote twakiita OB. Utapewa nambari yenye idadi ya ripoti na tarehe ya siku hiyo. Nambari hiyo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha kesi yako. Bila nambari ya OB hukuripoti. Ulizungumza tu na afisa.

Vituo vingi vina dawati la jinsia. Mwanamke anaweza kuomba kuhudumiwa na afisa wa kike, na mtoto aandamane na mtu mzima anayemwamini. Ukiandikisha taarifa, eleza kwa lugha unayoimudu, iwe Kiswahili, Kigiriama au Kipokomo, na uombe mkalimani ikibidi. Usomewe ulichosema kabla ya kutia sahihi. Nimeona kesi ikiyumba kwa sababu taarifa ilisema "jioni" na shahidi akasema "baada ya alfajiri".

Kisha utapewa fomu ya P3 uipeleke kwa daktari aijaze kuhusu majeraha. Fomu yenyewe haiuzwi. Ikishajazwa, itoe nakala kabla ya kuirudisha kituoni.

Ukifukuzwa au kuzungushwa, muombe OCS, yaani mkuu wa kituo, na uandike jina la afisa, tarehe na saa. Kama aliyekudhulumu ni polisi mwenyewe, kuna IPOA, mamlaka huru ya kuangalia utendakazi wa polisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. IPOA huchunguza vifo na majeraha mabaya yanayosababishwa na polisi, na ina ofisi Mombasa.

Huwezi kufika kituoni? Nambari hizi ziandikwe ukutani karibu na mlango: 999 au 112 kwa dharura ya polisi, 1195 kwa dhuluma za kijinsia, na 116 kwa mtoto aliye hatarini.

Mambo yasiyomalizwa barazani

Hapa nitasema wazi, na najua wapo watakaokasirika. Wazee wetu wamesuluhisha mengi: mipaka ya mashamba, mbuzi walioingia shambani, ugomvi wa majirani. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 159, inatambua usuluhishi wa kimila. Lakini kifungu hicho hicho kinaukataza pale unapokiuka haki za binadamu.

Niliwahi kuitwa katika kikao kimoja, mtaa sitautaja. Msichana alikuwa na miaka 14. Wanaume tisa tulikaa mkekani, kahawa ikapita, na hesabu ikaanza: Sh30,000, mbuzi mmoja, na kijana ahamie kwa ami yake kwa muda. Msichana alikuwa chumba cha ndani na hakuna aliyemuuliza lolote. Nilipouliza kama ameshaonwa na daktari, nilijibiwa kuwa mambo ya hospitali yataleta aibu. Saa 72 zilikuwa bado hazijaisha. Niliinuka nikaenda kwa mama yake jikoni, na alasiri hiyo tukampeleka hospitali.

Sheria ya mwaka 2006 haimpi mzazi, mzee wa mtaa wala chifu uwezo wa kusamehe kesi ya unajisi. Uamuzi wa kusitisha upelelezi au mashtaka haumo mikononi mwao. Leo ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye Katiba inamtaka apate ruhusa ya mahakama kabla ya kuondoa kesi. Wala hakuna cha "alikubali" kwa aliye chini ya miaka 18. Adhabu inayotajwa ni kifungo cha maisha kwa kumnajisi mtoto wa miaka 11 kurudi chini, kisichopungua miaka 20 kwa wa miaka 12 hadi 15, na kisichopungua miaka 15 kwa wa miaka 16 na 17. Pesa za barazani haziondoi hata siku moja kati ya hizo.

Na kwa ndugu Waislamu: Kadhi ana mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi. Anaweza kuivunja ndoa, lakini hawezi kumfunga aliyekuvunja mkono. Shauri la kupigwa hupelekwa polisi na kwa hakimu, hata kama la talaka liko kwa Kadhi.

Ulinzi kabla ya madhara kuzidi

Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 inakuruhusu kuomba mahakamani amri ya ulinzi. Amri hiyo inaweza kumzuia mtu kukukaribia, kukupigia simu au kuingia nyumbani. Haimhusu mume na mke pekee. Waliotalikiana, wachumba na jamaa wanaoishi nyumba moja pia wamo. Akiivunja amri, ametenda kosa.

Shahidi anayetishiwa maisha anaweza kuomba msaada wa Shirika la Kulinda Mashahidi. Zungumza na kiongozi wa mashtaka mapema. Usingoje siku ya kutoa ushahidi.

Kwa wazee wa Kilifi na Kwale wanaoshukiwa uchawi, mara nyingi chanzo huwa shamba. Mvi ni kisingizio. Kutishia kuua ni kosa hata kabla mtu hajaguswa. Barua iliyotupwa mlangoni au ujumbe wa simu ni ushahidi, kwa hivyo usiichane barua wala usifute ujumbe. Ripoti, pata OB, na mwambie mtu zaidi ya mmoja. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliofukuzwa makwao kwa shutuma hizo.

Mahakamani wewe si mtazamaji

Wengi hudhani kesi ni ya serikali na mshtakiwa, wao wakae benchi la nyuma. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya mwaka 2014 imelibadilisha hilo. Una haki ya kujulishwa kesi imefikia wapi, kusikizwa mshtakiwa anapoomba dhamana, kuwakilishwa na wakili, na kueleza kwa maandishi jinsi uhalifu ulivyokuathiri kabla ya hukumu kutolewa. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Joseph Lendrix Waswa, ilithibitisha kuwa mwathiriwa anaweza kushiriki katika kesi kupitia wakili wake.

Dhamana ni haki ya kila mshtakiwa isipokuwa kuwe na sababu nzito. Kama anaishi nyumba ya tatu kutoka kwako na amekutisha, hiyo ni sababu ya kuelezwa, lakini hakimu hawezi kuijua usipomwambia kiongozi wa mashtaka.

Mtoto si lazima atazamane uso kwa uso na aliyemdhuru. Mahakama inaweza kuweka kizuizi, kutoa watu nje, au kumruhusu mtu mwingine amsemee. Mwaka 2022 Jaji Mkuu Martha Koome alizindua katika mahakama za Shanzu mahakama maalum ya dhuluma za kijinsia, ya kwanza ya aina hiyo nchini.

Fidia nayo ipo. Mahakama ya jinai inaweza kuamuru mkosaji akulipe, na bado una njia ya kushtaki kesi ya madai. Ndiyo maana nilisema risiti zihifadhiwe.

Kwa asiyemudu wakili, kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016. Kituo cha Sheria na FIDA, ambayo huwasaidia wanawake, wana ofisi Mombasa. MUHURI na HAKI Africa, pia za Mombasa, zimesimama na familia nyingi katika kesi za dhuluma za polisi na watu waliotoweka.

Waliofiwa na waliopotelewa

Katika msitu wa Shakahola, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Familia zilitoa sampuli za DNA zikangoja, na miili ya kwanza haikukabidhiwa hadi Machi 2024. Funzo moja kwa sisi wa kawaida: mtu wako akitoweka, ripoti mapema, beba picha yake ya karibuni na uchukue nambari ya OB, hata kama unaamini yuko kwenye maombi au amekwenda kutafuta kazi. Mtu akiuawa, usikubali kuzika kabla ya upasuaji wa mwili kufanywa na ripoti kuandikwa. Najua kwetu maiti haicheleweshwi, na hilo naliheshimu. Lakini waombeni polisi na hospitali wauharakishe. Kufukua kaburi baadaye ni uchungu mara mbili.

Na moyo nao

Mtu aliyedhulumiwa anaweza kukosa usingizi, kushtuka mlango ukibishwa, au kukaa kimya wiki nzima. Tusikimbilie kusema amepagawa. Asomewe dua, ndiyo, na apelekwe pia kwa mshauri nasaha. Dua na tiba hazijawahi kugombana. Wewe uliye karibu naye usimuulize alikuwa amevaa nini au alifuata nini huko. Muulize amekula.

Kwa ufupi, tafuteni faili moja hapo nyumbani na muweke humu: karatasi za matibabu, nakala ya PRC au P3, nambari ya OB, jina la afisa anayechunguza, na tarehe za mahakama. Kesi nyingi hufa kwa sababu mlalamishi amechoka na nauli, au ameambiwa faili imepotea. Mwenye nakala haambiwi imepotea. Na mwenye jirani wa kumsindikiza hachoki upesi, kwa hivyo ukiisoma hii na hujadhurika wewe, jua kuna mtu mtaani mwako anayehitaji wa kwenda naye.