Maji ya Magotini

Leo hapa Mlandege huoni maji ya kumtosha hata bata mmoja, lakini majina yangali yanashuhudia. Darajani palikuwa na daraja, na Ng'ambo ni ng'ambo ya hori la bahari lililotutenga na Mji Mkongwe. Hori lilifukiwa kipande kwa kipande katika karne ya 20. Hoteli ya Bwawani, ya miaka ya 1970, ilijengwa kando ya masalio yake.

Watu wa mitaa mingine walitutania kuwa sisi ni wala ndege. Kwa marehemu mjomba wangu utani huo ulikuwa kweli. Alikuwa na gobori, na siku moja kabla ya kuwinda alipanda baiskeli hadi mabonde ya mpunga ya Cheju, mikono mitupu. Alitazama manyoya yanayoelea, kinyesi kwenye matuta, mpunga uliolazwa, upepo unakotoka. Kisha alichovya fimbo majini, tena na tena. Mimi nikidhani anaogopa mamba, na Unguja mamba hatuna!

Sababu ilikuwa ya dini. Mjomba alishika kauli ya wanazuoni wetu wa Kishafi kuwa ndege aliyeuawa kwa marisawa haliwi; sharti awahiwe yu hai, achinjwe. Akifia majini ndiyo basi kabisa. Kwa hiyo pahala pema si penye bata wengi, bali penye maji ya magotini, mtoto aweze kukimbia.

Mwaka 1962 mtoto huyo nilikuwa mimi, wa miaka 12. Bunduki ililia karibu na magharibi, bata akaanguka, nikatoka mbio na kisu. Nikateleza. Nilipomfikia, kichwa kilikuwa chini ya maji na shingo imelegea. Nikachinja. Damu ilitoka kidogo.

“Umemuwahi?”

“Nimemuwahi, mjomba.”

Nyumba nzima ilikula, bibi akasifu mchuzi.

Gobori liliondoka nyumbani mwaka 1964. Mimi nikaenda chuo cha ualimu, nikawa mwalimu mkuu, nikachapa watoto wa watu kwa uwongo mdogo kuliko ule.

Mjomba hakuniuliza tena. Ila wiki ile ile, tulipokuwa tukipita Cheju, alisimamisha baiskeli, akalitazama bonde, akasema: “Pale maji yalizidi kidogo. Kosa langu.” Pale hatukurudi tena.