Meya Ambaye Hatukumchagua

Kanjo ilikufa Machi 2013. Kisheria, yaani. Baraza la Jiji la Nairobi liliondoka na uchaguzi wa kwanza chini ya Katiba ya 2010, George Aladwa akawa meya wa mwisho, na City Hall ikawa ofisi ya gavana. Lakini simama Tom Mboya saa kumi na moja jioni, umwone mama wa ndizi anavyokunja gunia lake ghafla na kutimua mbio, halafu usikilize wenzake wanapiga kelele gani. Kanjo! Neno lenyewe lilitokana na jina la Kiingereza la baraza, na limeishi kuliko baraza.

Neno meya nalo ni hivyo hivyo. Kila msimu wa uchaguzi mgombea ugavana anasimama juu ya gari Kawangware au Kangemi na kutoa orodha: taka, maji, barabara za mitaa, soko jipya, basari. Mwisho wa orodha anaongeza kwamba serikali yake itawasikiliza wananchi. Wazee walio kando ya barabara bado wanamwita meya, na hawajakosea sana, maana kazi wanayomtarajia ni ile ile. Kitu ambacho sisi tuliozaliwa mwisho wa miaka ya tisini hatukuambiwa ni kwamba wazee hao hawakuwahi kumpigia kura meya hata mmoja.

Sio kwamba walikatazwa kupiga kura. Walimchagua diwani wa wadi yao. Kisha madiwani wakaenda City Hall, wakafunga mlango, wakachaguana wao kwa wao, na baada ya miaka miwili wakarudia. Kwa hivyo mgombea umeya hakuwa na sababu kubwa ya kuja Kangemi kueleza atatumiaje pesa za jiji. Wapiga kura wake walikuwa watu wachache, na aliwajua kwa majina. Ukimuuliza mtu aliyefuata siasa za jiji enzi hizo, hatakusimulia manifesto. Atakusimulia madiwani waliopelekwa hotelini nje ya mji siku chache kabla ya kura, wakafichwa huko wasije wakanunuliwa na upande wa pili.

Na hata huyo meya, akishavaa mkufu, alikuwa na nguvu kiasi gani? Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, ile iliyojulikana kama Sura ya 265, bajeti ya baraza ilihitaji kibali cha waziri. Mtendaji mkuu alikuwa karani wa jiji, na karani hakuajiriwa na meya wala na wakazi. Meya aliongoza vikao, akapokea wageni, akapigwa picha. Mimi niliacha chuo kabla hatujafika mada ya fedha za umma, kwa hivyo sheria hii niliisoma mwenyewe kwa simu, ndani ya matatu ya Waiyaki Way, na nilipofika hapo nilielewa kwa nini wazee wetu wanacheka mtu akiwaahidi kitu kutoka City Hall.

Mpango huu haukuanza na uhuru. Mji wenyewe ulianza 1899 kama kambi ya reli, na mwaka uliofuata ukapewa kamati ya kuuendesha. Kwa miongo mingi waliokaa kwenye meza ya kamati, na baadaye ya baraza, walikuwa Wazungu kwa wingi na Wahindi wachache. Mwafrika alikuwepo mjini kama mfanyakazi, si kama mkazi. Hakuwa na kura, lakini pesa alitoa. Miaka ya 1920 manispaa ilijipa haki ya kuwa muuzaji pekee wa pombe kwa Waafrika kule Pumwani, na faida ikaingia kwenye mfuko maalum wa huduma za Waafrika. Yaani huduma zako ulizigharamia kwa kunywa, na kiwango cha huduma hizo kikaamuliwa na watu ambao hawangeweza kuonekana ndani ya kilabu hicho. Napenda kuwakumbusha marafiki zangu wa Kilimani jambo hili wakilalamika kuhusu ada za kuegesha gari.

Upande wetu wa magharibi ulikuwa na sura mbili tangu mwanzo. Kileleshwa na Lavington zilikuwa za Wazungu, viwanja vikubwa na nyumba moja moja. Ukivuka bonde, Dagoretti na Kangemi zilikuwa nje ya mji kabisa, mashamba ya Wakikuyu. Watu walitoka huko alfajiri, wakaingia mjini kufanya kazi, wakarudi jioni kulala. Mwaka wa uhuru, 1963, mipaka ilipanuliwa na Nairobi ikafika karibu kilomita za mraba 690. Kwa kalamu moja mashamba yale yakawa jiji. Shamba la ukoo likagawanywa kwa wana, wana wakajenga vyumba vya mabati vya kukodisha, na barabara ikabaki kijia kile kile cha kupitisha ng'ombe. Ukitaka kujua kwa nini gari la zimamoto haliingii sehemu fulani za Kawangware, anzia hapo.

Charles Rubia alikuwa amekuwa meya wa kwanza Mwafrika mwaka mmoja kabla, 1962. Yeye, na hata Margaret Kenyatta aliyekuja 1970 na kuwa mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho, waliongoza baraza lenye pesa za kuonekana. Lilikuwa na shule, zahanati na nyumba za kupangisha. Sehemu nzuri ya mapato ilitoka kwenye kodi ya kichwa iliyopandishwa kulingana na kipato cha mtu. Mapema miaka ya 1970 serikali kuu ilifuta kodi hiyo, na hakuna kitu cha ukubwa sawa kilichowekwa mahali pake. Jiji likaendelea kupokea watu kila siku huku mfuko ukipungua. Najua kodi si stori tamu, lakini mimi naamini uamuzi huo uliiumiza Nairobi kuliko meya yeyote mwizi unayeweza kumtaja.

Mwaka 1983 hata ile demokrasia nusu ikaisha. Serikali ya Moi ilivunja baraza kwa hoja ya usimamizi mbaya na ikaweka tume ya kuteuliwa. Hakuna diwani, hakuna meya. Ilikuwa iwe ya muda, ikakaa karibu miaka 10, mpaka uchaguzi wa vyama vingi wa 1992. Ni chini ya tume hiyo, Mei 1990, ambapo mabanda ya Muoroto karibu na stendi ya mabasi yalibomolewa na watu wakapigana na askari wa jiji. Mkazi wa Muoroto angempelekea nani malalamiko? Hakuwa na hata diwani wa kumlaani.

Ndiyo maana nilishangaa kugundua kwamba kushirikisha wananchi hakukuletwa na Katiba ya 2010. Mwaka 1998 bunge lilipitisha sheria ya kuzipa serikali za mitaa asilimia 5 ya kodi ya mapato ya nchi. Miaka michache baadaye likaongezwa sharti: ukitaka mgao wako kamili, waite wakazi, waulize wanataka miradi gani, uandike mpango. Ukaitwa LASDAP. Kwa mara ya kwanza mtu wa Kangemi angeweza kukaa kwenye ukumbi na kusema, kabla ya choo cha soko tunataka taa. Kwenye karatasi ilikuwa kitu kizuri sana. Lakini pesa zilizojadiliwa zilikuwa kipande kidogo cha bajeti, na mialiko mara nyingi ilipitia kwa diwani. Kwa hivyo waliokuja ni watu wa diwani.

Wakati wakazi wanajadili taa, maamuzi makubwa yalikuwa yanaendelea ghorofa nyingine. Makaburi ya Lang'ata yalikuwa yametangazwa kujaa, na baraza likatafuta ardhi mpya. Likanunua ekari 120 huko Mavoko kwa shilingi milioni 283, shamba ambalo thamani yake ilisemekana kuwa kama milioni 24, na ambalo udongo wake haukufaa kuzika mtu. Mwaka 2018 mahakama iliwafunga miaka mitatu aliyekuwa karani wa jiji John Gakuo na aliyekuwa katibu mkuu wa wizara ya Serikali za Mitaa, Sammy Kirui. Gakuo alifia kifungoni mwaka huo huo. Cha ajabu ni kwamba watu wengi wanamkumbuka kwa wema, kama mtu aliyesafisha katikati ya mji na kupanda maua. Yote mawili yako kwenye rekodi. Na Nairobi bado inazika Lang'ata.

Kuna upande mwingine wa pesa ambao wagombea hawapendi kuugusa wakiwa Lavington: nani analipa. Kwa miongo kadhaa reti za ardhi Nairobi zilihesabiwa kwa thamani za mwanzo wa miaka ya 1980. Badala ya kupima ardhi upya, kaunti ilipandisha asilimia hadi ikafika 34 ya thamani hiyo ya kale. Na kilichopimwa ni kiwanja, si jengo. Piga hesabu mwenyewe. Kiwanja cha Kileleshwa kilichokuwa na bangaloo moja na mti wa parachichi kikabeba fleti za orofa kumi na kitu, na reti zikaendelea kusoma kiwanja cha bangaloo. Mama mboga wa Kawangware, yeye, alilipa ada ya soko kila siku asubuhi kabla ya kuuza sukuma ya kwanza. Kaunti ilipotafuta pesa za haraka mwaka 2013 ilipandisha ada ya kuegesha gari mjini kutoka shilingi 140 hadi 300. Hiyo ilikuwa rahisi kuliko kupima ardhi ya wakubwa.

Sasa tuna sheria. Tena nyingi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka taarifa ya mkakati wa fedha wa kaunti ifike kwenye bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Inataka asilimia 30 ya bajeti, angalau, iende kwenye maendeleo. Inataka jukwaa la bajeti lenye watu wasio wa serikali. Bajeti ya Nairobi imepita shilingi bilioni 40, wadi ni 85, na kisheria wewe unaishi kwenye mojawapo na una haki ya kusikizwa.

Nilienda kusikizwa. Ukumbi wa wadi moja upande wetu, siku ya kazi, saa tatu asubuhi. Tangazo lilikuwa limetoka gazetini, kwa Kiingereza, na gazeti ni kitu ambacho mtaani kwetu hufungia nyama. Viti viliwekwa labda mia, watu thelathini. Tuligawiwa karatasi yenye miradi tayari imeandikwa na kuwekewa kiasi. Mzee mmoja akauliza kama barabara iliyokuwa namba nne si ile iliyoandikwa pia mwaka uliopita. Afisa, kwa heshima kabisa, akamwambia mzee wake kwamba ndiyo, imeandikwa tena. Tukapewa soda. Tukatia sahihi kwamba tulihudhuria.

Sahihi ile ndiyo inayohesabiwa. Ukishatia sahihi, umeshirikishwa. Mji wa Porto Alegre kule Brazil ulipoanza mtindo huu 1989, watu walikutana mitaani kwanza, wakapanga nini kitangulie, wakachagua wajumbe wa kufuatilia, ndipo bajeti ikaandikwa. Hatuhitaji hata kwenda Brazil. Makueni, chini ya Kivutha Kibwana kuanzia 2013, mikutano ilianzia kijijini na kupanda hadi wadi na kaunti, na wakazi wakawa na kamati za kukagua mradi kabla mkandarasi hajalipwa. Mtu atasema Makueni ni mashambani, watu wanajuana. Sawa. Lakini mimi na majirani zangu wa ploti tunajuana vizuri sana, hasa maji yakikatika.

Mwaka 2020 tuliona tena jinsi haki hii ilivyo nyepesi. Februari, gavana Mike Sonko alikabidhi serikali kuu kazi muhimu za kaunti, zikapewa NMS chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi. Desemba, Sonko akaondolewa. Vituo vya afya vilijengwa, visima vikachimbwa, barabara zikawekwa lami, na watu wengi wa mtaani kwetu walifurahi, nisiseme uongo. Hata hivyo ukiweka NMS kando ya tume ya 1983, utaona mazoea yale yale: jiji likishindikana, mletee mtu ambaye hakuombewa kura.

Halafu Juni 2024 vijana walijaa Kenyatta Avenue na Moi Avenue na simu mkononi, wakisoma mswada wa fedha kifungu kwa kifungu. Watu waliotafsiri mswada wa taifa kwa lugha zao ndani ya wiki mbili wanaweza kusoma karatasi ya kaunti. Tofauti ni kwamba hii ya kaunti haina kelele. Inafika bunge la kaunti mwisho wa Aprili, inajadiliwa hapo City Hall, hatua chache kutoka KICC, na kufikia mwisho wa Juni imeshapita.

Barabara namba nne bado ni ya vumbi. Niliiona jina lake kwenye karatasi ya mwaka huu pia, imeongezewa pesa kidogo, na imeshuka hadi namba saba.