Ngoma Zilivyogeuka Mashetani

Kesha la Ijumaa huku kwetu Murera, kati ya Ruiru na Thika, ni nadra liishe bila mtu kuanguka. Mara nyingi ni mtu aliyebatizwa, tena yuko kwaya. Sasa pepo ameingiaje kwa mtu wa Yesu?

Sehemu ya jibu iko kwenye neno. Kwa Wagikuyu wa zamani, ngoma (sio za kupigwa) zilikuwa roho za waliofariki. Jomo Kenyatta alizieleza hivyo katika kitabu chake cha 1938: ni jamaa wanaomwagiwa pombe, na ukiwasahau wanakasirika. Ukristo ulipoingia, neno likahamia gizani. Leo ukimwita mtu ngoma, umemwita shetani. Kumbe babu alibadilishwa kazi akiwa kaburini.

Mwaka 1994 hofu ilifika Ikulu. Rais Moi akaunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, mwenyekiti akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Ripoti ilitolewa kwa umma 1999, ikisema ibada hizo zipo, hadi mashuleni. Ushahidi mwingi ulikuwa masimulizi.

Makanisa bado hayakubaliani. Wapo wanaosema Mkristo anaweza kusumbuliwa lakini si kumilikiwa. Wapo wanaosema hata aliyeokoka anahitaji kufunguliwa.

Mimi naomba kitu kimoja tu. Kabla ya kumkemea yule dada aliyeanguka, tumuulize analia nini. Labda hana pepo. Labda amefiwa, na hatujamwachia mahali pa kuongea na wafu wake.